Miungu Huja Mandi kwa Mabega ya Watu

Mabasi ya usiku yanayotoka Chandigarh kwenda Manali huipita Mandi abiria wakiwa usingizini. Saa nane au saa tisa dereva anasimama kituoni, wawili watatu wanashuka na mabegi yao, gari linaondoka. Wengi wa waliobaki ndani wanakimbilia theluji, na hawana habari kwamba wameupita mji wa wafalme wenye mahekalu ya mawe yaliyosimama kando ya mto kwa miaka 500. Mimi niliujua kwa sababu ya mwenzangu wa chumba. Wakati nasomea famasia Chandigarh tulikaa pamoja, yeye ni mtoto wa pale, na likizo zilipokuwa fupi mno kwa mimi kurudi Tanga, alinichukua kwao.

Mandi uko jimbo la Himachal Pradesh, kwenye vilima vya chini vya Himalaya. Hauko juu sana, mita 1,000 haufiki, na Juni jua lake linawaka kwelikweli. Umekaa pale kijito cha Suketi kinapoingia mto Beas. Zamani makao ya wafalme yalikuwa ng'ambo ya pili, sehemu ambayo mpaka leo wanaiita Purani Mandi, yaani Mandi ya kale. Mwaka 1527 mfalme Ajbar Sen akavuka mto akajenga mji mpya, na katikati yake akaweka hekalu la Bhutnath, la mungu Shiva. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na ng'ombe aliyekuwa akienda peke yake kusimama juu ya jiwe moja msituni na kulimwagia maziwa bila kukamuliwa, ndipo mfalme akaoteshwa kuwa jiwe lile ni Shiva. Kilichoulisha mji baada ya hapo ni biashara. Chumvi ya mawe ilichimbwa Gumma na Drang, na misafara ya kwenda Kullu na Ladakh ikapita hapa. Wafalme wakapata mali, na sehemu ya mali hiyo ikageuka mahekalu. Watu wa Mandi watakwambia kwa fahari kwamba Kashi, yaani Varanasi, mji mtakatifu wa kule bonde la mto Ganga, una mahekalu 80, na wao wanayo 81. Kwa hiyo mji wao huuita Kashi Ndogo.

Nilipofika mara ya kwanza sikujali hesabu ya mahekalu. Nilijali jambo moja tu, nitaingiaje. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa na bibi aliyenifundisha kwamba nyumba ya ibada ya mtu huichezei wala huidharau, lakini pia hujifanyi unaabudu usichokiabudu. Basi jioni ile ile, tukiwa jikoni tunamenya njegere, nilimwambia mama yake rafiki yangu: "Mama, mimi kesho nitafuatana nanyi kwa furaha. Nitasimama kwa adabu, ila sitainama mbele ya sanamu, na alama ya paji la uso naomba nisipakwe." Hakuacha kumenya. Akajibu, "Kichwa umeshafunika, mwanangu. Viatu utavua mlangoni. Mengine ni kati yako na Mungu wako. Wewe simama nitakapokuonyesha, uangalie." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa katika siku zangu, maana kwao pia mwanamke akiwa katika hali hiyo haingii. Nikamwambia hapana. Swali lile, ambalo mgeni mwingine angelikasirikia, mimi lilinifanya nijione niko nyumbani, kwa sababu nyanya zangu nao wangeliuliza vilevile.

Kwa yeyote anayekwenda masomoni India na kualikwa na wenzake, na wanafunzi wetu wapo wengi Punjab na Himachal, neno langu la kwanza ni hilo. Sema mapema, sema jikoni, usingoje kuhani akiwa amekwisha nyoosha mkono wenye rangi nyekundu kuelekea uso wako. Hakuna aliyenichukia kwa kusema. Mama yule alikuwa akiniwekea embe kando nilipofika kiangazi, na chapati zangu akizipaka samli kuliko za binti yake.

Asubuhi alitupeleka kwanza ng'ambo, Triloknath. Hekalu hili ni la mwaka 1520, limetangulia mji mpya, na aliyelijenga ni mwanamke, Sultan Devi, mke wa Ajbar Sen. Ndani yupo Shiva mwenye nyuso tatu. Ukisimama kwenye ukumbi wake wa nguzo ukatazama chini, unaona mito inakutana, na penye makutano hayo, karibu kabisa na maji, limesimama hekalu la Panchvaktra, la Shiva mwenye nyuso tano. Mnara wake wa mawe unapanda ukijipinda taratibu kuelekea kileleni, hauna rangi, hauna vigae, mawe matupu yaliyochongwa. Mjini, katikati ya maduka, kuna Ardhanarishwar, ambamo sanamu moja ni Shiva upande wa kulia na mkewe Parvati upande wa kushoto, mwili mmoja. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kwingine. Nje watu wananunua vitunguu, pikipiki zinapiga honi, na ndani jiwe la karne nyingi linasema jambo kuhusu mume na mke ambalo sijalisikia likisemwa kwa uwazi kiasi hicho.

Lakini Mandi haijui kukaa kimya na mawe yake kama makumbusho. Kuanzia mwezi mmoja hivi kabla ya sikukuu ya Shivaratri, makuhani wa Bhutnath hulifunika jiwe la Shiva kwa siagi, na kila siku huichora sura nyingine juu yake, leo Shiva wa namna hii, kesho wa namna ile. Watu hupita kabla ya kwenda kazini kuangalia sura ya siku. Mwalimu na daftari zake, muuza mboga, mzee na fimbo, kila mmoja anachungulia, anagusa kengele, anaondoka.

Shivaratri yenyewe huangukia Februari au Machi, kwa hesabu ya mwezi, na kesho yake huanza maonyesho ya wiki nzima. Hapo ndipo nilipoelewa mji huu ni kitu gani. Wilaya ya Mandi ina mabonde na vijiji vilivyotawanyika milimani, na kila sehemu ina mungu wake mwenye nyumba yake, mali yake na watu wake. Siku za Shivaratri miungu hao huteremka mjini, zaidi ya 200, kila mmoja juu ya machela. Juu ya machela hufungwa nyuso za fedha, shaba au dhahabu, shada za maua na vitambaa vya rangi kali, na wanaume huibeba mabegani. Wengine hutembea siku kadhaa. Wanalala njiani kwenye nyumba za watu, na nyumba inayolaza mungu inalisha wote waliofuatana naye.

Wanapofika hawaendi wanapotaka. Kwanza wanakwenda kwa Madho Rai, sanamu ya fedha ya mungu Krishna iliyo karibu na jumba la kale la wafalme. Husimuliwa kwamba mfalme Suraj Sen alizaa wana 18 na wote wakafa mbele yake. Akabaki hana wa kumrithi, basi mwaka 1648 akautoa ufalme wote kwa Madho Rai, na yeye akawa anatawala kwa niaba yake. Ufalme wenyewe ulikwisha zamani. Waingereza waliuweka chini yao mwaka 1846, na Aprili 1948 ukaingizwa Himachal Pradesh. Leo maonyesho huandaliwa na ofisi ya wilaya, miungu wameorodheshwa na hupewa posho. Hata hivyo salamu ya kwanza bado ni ya Madho Rai. Baada yake ni Bhutnath. Anayejulikana kwa kujitenga ni Kamrunag, mwenye ziwa juu milimani, anayeombwa mvua. Yeye hutangulia kufika, akapanda moja kwa moja kilima cha Tarna juu ya mji na kukaa huko, haingii kwenye maandamano. Mama aliponieleza hivyo alizungumza kama anayeeleza tabia ya mjomba mzito wa ukoo.

Sauti ndiyo iliyonitikisa. Ngoma za aina nyingi, zumari, na baragumu ndefu za shaba na fedha zilizopinda, ambazo mpigaji huzielekeza juu na kuzijaza pumzi mpaka mishipa ya shingo inasimama. Nilizikumbuka siwa za Lamu, ambazo nazo hazikupulizwa ovyo, zilikuwa na siku zake na wenyewe. Machela mbili zikikutana barabarani huinamishwa moja kwa nyingine, zikagusana, zikayumba, na wabebaji watakuapia kwamba hawazisukumi, zinajiendea. Kando yuko mtu ambaye mungu humpanda na kusema kwa kinywa chake. Watu humjia na maswali ya mgonjwa, ya shamba, ya kesi ya mpaka.

Nilitazama zile machela wiki nzima na macho yangu yakaanza kuhama. Mwanzoni nilitazama nyuso za fedha. Baadaye nikawa natazama mabega. Vijana wale wamevaa nguo za heshima, lakini shingo zao zina michubuko ya mti wa machela. Kuna zamu, na kuna mzee anayeshika hesabu ya zamu. Kuna anayebeba mwavuli, anayebeba unga wa kupikia, anayekesha asilale ili mungu asibaki peke yake. Nyuma ya kila uso wa fedha kuna kijiji kizima kilichokubaliana nani atafanya nini. Hapo nikajua kwa nini mahekalu yale yako hai. Si kwa kuwa jiwe ni gumu. Ni kwa kuwa watu wamegawana kazi, na mtoto anazaliwa akiikuta kazi ya nyumba yao inamsubiri. Tangu siku hiyo, nikifika mahali patakatifu popote, pa kwetu au pa wengine, swali langu la kwanza ni nani anafagia hapa, na nani atafagia baada yake.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Karamu yao huitwa dham. Wapishi ni wa ukoo maalumu wa Wabrahmani, tabaka la makuhani, wanapika kwa kuni katika vyungu vikubwa vya shaba, bila nyama. Tuliketi chini kwa mistari, kila mmoja na sahani ya majani yaliyoshonwa. Mandi huanza na kitamu, kisha wali unakuja na mchuzi mmoja baada ya mwingine, boga lenye uchachu, madonge ya dengu nyeusi ndani ya mchicha, wanayoita sepu badi, ambayo nikisema ndiyo chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula India sitii chumvi. Hakuna anayenyanyuka mpaka mstari mzima umemaliza. Nilikula kwa raha, kwa kuwa hiki kilikuwa chakula cha mwaliko wa nyumba ya mjomba wao. Kile cha sadaka kilichopitia mbele ya sanamu nilikuwa nakipokea kwa mikono miwili na kumpa rafiki yangu, na hilo tulishalimaliza kule jikoni.

Nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye uzuri. Kijiji alikozaliwa Mama kiko bonde la Seraj, na mungu wao alifika na kundi la wapiga ngoma walioongozwa na mzee mmoja mwenye kofia ya Himachal, mikono imekakamaa kama gome. Siku moja tulipokuwa tumekaa kwenye uwanja wa Paddal nilimuuliza rafiki yangu kwa nini mzee yule, ambaye bila ngoma yake mungu hanyanyuliwi kabisa, haketi kula pamoja na wale waliobeba, na kwa nini kijijini huishia nje ya nyumba ya mungu. Alinyamaza kwanza. Kisha akaniambia kwamba wapiga ngoma wengi milimani ni wa tabaka la chini, lile lililoitwa lisiloguswa. Katiba ya India ilifuta jambo hilo mwaka 1950, kifungu cha 17, na mjini hutaona mtu akizuiwa mlangoni. Vijijini kuna nyumba za miungu ambazo wapiga ngoma bado hawavuki kizingiti. Kaka yake akaingilia, akasema mambo yanabadilika. Rafiki yangu akamuuliza, "Yanabadilishwa na nani?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama hakusema kitu, alikuwa akimtazama yule mzee.

Mimi natoka Pwani. Kwetu nako kulikuwa na waungwana na watwana, na kuna nyumba ambazo mpaka leo mtu akija kuposa huulizwa kwa chini chini asili yake. Kwa hiyo sikuwa na kiburi cha kuwahukumu watu wa Mandi. Lakini naamini kwa moyo wote kwamba mkono unaomwita mungu atoke ndani haustahili kubaki uani, na nilimwambia rafiki yangu hivyo, na yeye anaamini hivyo hivyo.

Siku hiyohiyo nilimwomba anipeleke kuona nguzo za kando ya Suketi, ambazo nilikuwa nimezisikia. Wanaziita barsela. Ni mawe marefu, mengine yanapita kimo cha mtu, ya ukumbusho wa wafalme wa Mandi kuanzia karne ya 17. Juu amechongwa mfalme ameketi. Chini yake, safu kwa safu, wamechongwa wanawake waliochomwa moto pamoja na maiti yake, malkia, masuria na wajakazi. Mawe yanahifadhiwa na idara ya mambo ya kale ya serikali, yana majani marefu kuzunguka, na siku ile hapakuwa na mtu mwingine. Niliwahesabu wanawake wa jiwe moja kwa kidole kisha nikaacha. Mfalme jina lake limeandikwa. Wajakazi wako pale kwa idadi. Nilisoma dua niliyozoea kuwasomea maiti wa kwetu. Sikujua jingine la kufanya. Ukienda Mandi usiziruke nguzo hizi kwa sababu hazimo kwenye picha nzuri. Mikono iliyotengeneza Triloknath na mikono iliyowasha moto ule ilikuwa ya ufalme mmoja.

Nilikuwa nimesharudi Tanga Julai 2023 simu yangu ilipojaa video. Mvua zilikuwa zimepiga Himachal, Beas ukafura, maji ya matope yakalizunguka Panchvaktra mpaka ukabaki kuona mnara na sehemu ya juu tu. Daraja la chuma lililokuwa jirani yake likasombwa. Maji yaliposhuka, hekalu lilikuwa limesimama. India nzima ilishangilia muujiza, na wengi wakakumbuka Kedarnath, hekalu lililobaki wakati wa mafuriko makubwa ya 2013. Mama alinitumia ujumbe wa sauti akilia na kumshukuru Shiva. Rafiki yangu alinitumia wake, una hasira. Alisema wajenzi wa kale walijua mto, waliweka msingi na mawe mazito yanayoshikana yenyewe, na sisi wa leo tunakata milima kwa ajili ya barabara ya njia nne ya kwenda Manali, tunamwaga vifusi bondeni, tunajenga hoteli mdomoni mwa maji, halafu tunashangaa. Nilipokuwa nasikiliza sauti zile mbili sikuona haja ya kuchagua. Aliyelia na aliyekasirika wote walikwenda na mabeleshi, kwa sababu ndani ya hekalu matope yalikuwa yamejaa, na matope hayajitoi.

Mvua zikarudi vibaya zaidi. Usiku wa kuamkia Julai 1, 2025, zilisomba Thunag na vijiji vingi vya Seraj, watu wakafa, nyumba, mashamba ya tufaha na barabara vikaondoka. Mwisho wa mwezi huohuo maji yakaingia mji wa Mandi wenyewe na kuua tena. Kwa siku kadhaa hatukuwa na habari za kijiji cha Mama. Ilipopatikana njia, tulijua kwamba ndugu zake wako hai na mzee wa ngoma yuko hai, ila barabara ya kuwafikia haipo, na mchele unapandishwa kwa mgongo.

Mungu akijalia nitarudi kwa Shivaratri, na safari hii sitaki kuwasubiri mjini. Nataka nianzie kijijini, niteremke nao tangu machela inapotoka mlangoni, nitembee nyuma ya wapiga ngoma, nione wanalala wapi na wanakula na nani. Rafiki yangu amempelekea mzee ombi langu. Amejibu kwamba mwanamke aliyefuatana nao kwa miguu mpaka mwisho si jambo la kila mwaka lakini si haramu, kwamba huko juu theluji bado inakuwepo mwezi huo, na kwamba nije na viatu vya maana.